Mkono wa Kushoto wa Hetty

Haya, sogeeni, na anayetafuna amalize. Nina kesi hapa, imenishinda mimi mwenyewe.

Zamani huko Marekani, magazeti yalipokuwa hayajaweza kuchapa picha za kamera, picha zilichongwa kwenye ubao. Katika karakana moja walikuwapo watatu. Ambrose alikuwa na jicho: akikuona mara moja, amekuchora. Cordelia alikuwa na akili ya kugeuza, maana juu ya ubao lazima kila kitu kikae kinyume ndipo kitoke sawasawa gazetini. Jotham alikuwa na mkono, na patasi ilimtii.

Na alikuwapo Lavinia. Bintiye, Hetty, alifariki kwa ugonjwa wa koo, ana miaka saba. Lavinia hakulia. Alifua, akapika, akakaa. Majirani walimsema weee! Alijijua amekufa ganzi, na hata hilo halikumuuma. Hakuwa na picha ya mtoto, na sura yake ilikuwa imeanza kumtoka akilini.

Siku moja akafungua gazeti lililofungiwa samaki. Ndani, picha ya bustani ya jiji: magari ya farasi, wanawake na miamvuli yao, na kando ya bwawa mtoto anawarushia bata mkate kwa mkono wa kushoto. Mkono ule ule ambao mwalimu alikuwa akiupiga fimbo Hetty akiuandikia.

"Huyu Hetty," alisema, kama mtu anayetaja siku ya juma.

Akachukua gurudumu la mti ambalo Hetty alikuwa akiliviringisha bustanini, kitu pekee alichobakiwa nacho, akaenda kwenye karakana ile iliyochonga picha.

"Nimekuja kumpa hili aliyenirudishia mwanangu."

"Si mimi, mama," alisema Ambrose. "Mimi nilimwona tu. Cordelia angesahau kugeuza, na wengi husahau, mtoto angerusha kwa mkono wa kulia. Usingemjua."

"Ambrose naye! Usingemwona, ningegeuza nini?" alidakia Cordelia. "Tena, mama, ubao mkubwa huungwa kwa vipande. Kiungo kilipita katikati ya uso wa mwanao. Jotham alikichonga siku mbili mpaka kikapotea. Vinginevyo ungeona ufa."

Jotham hakuinua kichwa. "Mimi nachonga mistari. Sikujua ni mtoto wa nani."

"Naomba niuone huo ubao."

Wakatazamana. "Tumeshaupiga randa, mama, picha imefutika," alisema Cordelia. "Wiki hii tunachonga soko."

"Sawa," alisema Lavinia.

Akabaki amesimama, gurudumu begani. Msiniambie alikate vipande vitatu, likikatwa haliviringiki. Wala msiniambie arudi nalo. Amekaa nalo miezi minane, chozi halikuja. Anataka mkono wake uliachie, aone kama atalia.

Basi, wewe uliyekaa hapo unanitazama, ungemwambia amwachie nani?