Vyumba Viwili vya Bi Mwanahawa

Tulieni basi. Na asitokee mtu wa kuniambia mwisho anaujua, maana hata mimi ninayesimulia siujui.

Walikuwapo mabinti watatu, marafiki wa kufa na kuzikana. Mwanakombo, mcheza ngoma, alijaliwa miguu. Pili, mchoraji, alijaliwa mikono. Zamoyoni, mwigizaji, alijaliwa mdomo, na mdomo huo, jamani, ndio uliomponza. Wote walikaa mbali, na wote walitaka kupanga Mtaa wa Zumari, ambako ukitoka mlangoni unatembea tu: ukumbi wa maigizo hapa, maonyesho ya picha pale, ngoma kona ile. Zamoyoni ndiye aliyebanwa zaidi. Keshachelewa mazoezi mara mbili, na akichelewa ya tatu nafasi yake anapewa mwingine.

Mwanakombo akaingia mtaani kwa miguu. Siku tisa alizunguka vichochoro bila dalali, hata akaona dirisha la ghorofa ya tatu limevuliwa mapazia. Akabisha hodi kwa jirani, akauliza. Kweli, nyumba ilikuwa tupu.

Mwenye nyumba, Bi Mwanahawa, akang'aka: "Wasanii? Wa mwisho kanichafulia kuta zote!" Pili hakubishana. Alikuja na ndoo na brashi, akakwangua kuta za ngazi chini mpaka juu, akazipaka rangi upya.

Zamoyoni naye akakaa jikoni kwa bibi, akamsaidia kuchambua mchele, akapiga soga mpaka bibi akalainika.

"Haya, nimekubali. Lakini vyumba viwili, watu wawili. Watatu mtanifanyia kijiwe."

"Ndiyo, bibi. Ni mimi na Pili," akasema Zamoyoni. Moyoni alijiambia ya Mwanakombo atayatengeneza baadaye.

Wala Mwanakombo hakumwambia! Siku ya kuhamia, Mwanakombo akapanda ngazi na godoro la Zamoyoni kichwani, anahema huku anacheka. Bi Mwanahawa akawakuta mlangoni.

"Na huyu ni nani?"

"Huyu? Dada wa kazi tu," akadakia Zamoyoni, "katusaidia kubeba."

Pili akainamisha uso. Mwanakombo akamtazama Zamoyoni, akatua godoro, akasema, "Shikamoo, bibi." Akapewa soda, akaambiwa akainywee nje. Akaenda.

Zamoyoni aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Chumba alichokitaka sana kilimshinda hata kukikalia. Akamfuata bibi, akalia, akasema yote. Bibi akawaita Mwanakombo na Pili.

"Umeniaibisha na mimi," akasema Bi Mwanahawa. "Mgeni wangu nimemnywesha soda mlangoni! Lakini vyumba ni viwili. Nani atoke, amueni wenyewe."

"Natoka mimi," akasema Zamoyoni.

"Sitaki chumba cha kupewa kwa sababu umeona haya," akajibu Mwanakombo.

"Mimi sitoki," akasema Pili. "Sikusema uongo."

"Wala ukweli hukuusema," akajibu Mwanakombo.

Basi wamekaa sakafuni, hawatazamani. Mmoja aliiona nyumba, mmoja aliisafishia njia, mmoja alimbembeleza bibi. Bila yeyote kati yao, nyumba isingepatikana. Je, wewe ungemtoa nani?

Usinijibu harakaharaka. Kwanza niambie: ungekuwa wewe pale mlangoni, nyumba unaitaka kufa, bibi anakuuliza "huyu ni nani", ungejibuje?