Pelele Avutwa na Kiboko

Wajukuu, masikio mmeyafungua?
— Tumeyafungua, bibi.
Niseme au nilale?
— Sema, tulale sisi baadaye.

Basi alikuwapo Pelele, mnyama mdogo wa majabali, mkia hana. Dada yake amejifungua ng'ambo ya mto, na hana wa kumpikia uji. Pelele akatia unga na pilipili manga kikapuni, akashuka mtoni. Mtoni yupo Kiboko.

"Wewe usiye na mkia, wapi?"

"Namwendea mzazi, mjomba."

"Acha kikapu, ndipo uvuke."

Kila apitaye huachishwa kikapu. Mzazi atakunywa nini?

Pelele akasema, "Unga utakushika meno tu. Kwa dada yangu maboga yamejaa mpaka uvunguni mwa kitanda. Nifikishe ukale."

Kiboko akameza mate, gudu. "Mgongoni kwangu hapandi mtu."

"Sipandi. Ukingoni hapa pana kamba na ubao. Wewe vuta kamba, mimi nisimame nyuma juu ya ubao."

"Umewahi?"

"Sijawahi. Kwanza nijaribu bila kikapu."

"Jaribu. Lakini ukianguka nacho, ni changu."

Kiboko akatoka mbio, vruu. Pelele akaivuta kamba kwa nguvu, ubao ukapinduka, chubwi.

"Umetubakishia maji kidogo?" Kiboko akauliza, akicheka kwa-kwa-kwa.

Vruu tena. Pelele akasimama wima kama mwiko kwenye ugali. Chubwi.

"Rudi majabalini, mwanangu, ukaote jua."

Pelele akatema maji, akapanda tena. Safari hii hakuvuta kitu. Alichuchumaa, akanyoosha mikono, akaiacha kamba imwinue yenyewe. Vruuu. Maji yakapasuka huku na huku, masikio yakalala kwa upepo.

"Mjomba, nimesimama."

"Hujafika. Chukua kikapu."

Akajitwika kikapu, wakaondoka. Katikati ya mto Kiboko akaanza hila: akapinda kushoto, akapinda kulia. Kikapu kikayumba, unga ukamwagika puani. Pelele akapiga chafya, akasema, "Mjomba, nasikia harufu ya boga la nazi. Dada anaepua."

Kiboko akasahau kupinda. Akanyooka kama mshale mpaka matopeni, akakwama, pwata. Ubao ukampita ssss, ukamfikisha Pelele mlangoni. Akaingia, akabandika uji.

Kiboko akajikokota mpaka kizingitini. "Hodi. Nimefuata maboga."

Dada mtu akajibu kutoka ndani, "Yapo, baba, uvunguni mwangu. Lakini hii nyumba ya mzazi. Mwanamume haingii mpaka mtoto atolewe nje."

Kiboko akarudi nyuma, akaketi uani. Mila ni mila.

Pelele akachungulia. "Mjomba, mimi nina uji mkononi. Wavute mama wengine waje kumwona mtoto, mmoja wao atakutolea boga."

Basi Kiboko akawavuta. Akaja Mama Digidigi, akaja Mama Kanga, kila mmoja na ubao wake, kikapu kichwani, chubwi, chubwi, hata akasimama. Na kila atokaye ndani akamwambia, "Mtoto kalala, mjomba, sikuweza kuinama uvunguni. Labda kesho."

Ngano yangu imekauka maji, aliyelowa ajianike.

Funzo ni hili: msijaribu jambo msilolijua, na mtoni msikanyage. Lakini mkiitaka kamba, ipo nyuma ya mlango.