Mchuzi wa Bakuli na wa Chungu

Seif Mbaruku, tajiri wa bizari za pakiti, alimwamuru mpangaji wake Bi Zuwena aache kuuza bizari aliyoisaga nyumbani, la sivyo ahame.

“Njoo uonje kwanza, bwana,” akasema Bi Zuwena. “Nitapika michuzi miwili. Bizari utakayoikataa, mwenyewe asiiuze tena.”

Seif akaja na wageni wake. Akaonja mchuzi wa bakuli la kaure, akalamba vidole. Akaonja wa chungu cheusi, akautema.

“Vumbi la uani hili. Hata paka wangu hali.”

“Basi mwenyewe asiiuze tena?”

“Asithubutu. Hawa ni mashahidi.”

Bi Zuwena akaweka mezani pakiti mbili tupu, zote zenye picha ya Seif.

“Michuzi yote nimeiunga kwa bizari yako, bwana. Yangu siwapi wasiojua kuonja.”