Nani Apewe Kilima

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii si ndefu, lakini haina mwisho. Mwisho wake nitawaomba ninyi, na kila mmoja atanijibu kwa kinywa chake.

Kusini mwa Ziwa Eyasi, mahali ambapo siku hizi vitunguu vimelimwa mpaka macho yanachoka, walikuwapo ndugu watatu wa Kihadzabe, baba mmoja, mama mmoja. Walizaliwa kwenye kilima cha Gelanda, wakati ambapo kilima kile hakikuwa na mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kilima kinaweza kuwa na mwenyewe.

Mkubwa alikuwa mwanamke, aliitwa Shakwa, na kipaji chake kilikuwa mikononi. Angeweza kugonga ardhi kavu kwa mti wa kuchimbia, akasikiliza, kisha akasema, "Hapa pana kiazi, na kina maji." Akichimba, kipo.

Wa pili alikuwa mwanamume, aliitwa Gudo, na kipaji chake kilikuwa machoni. Alisoma nyayo kwenye mawe, mahali ambapo wewe na mimi tungeona mawe tu.

Wa mwisho alikuwa mwanamke tena, aliitwa Nagwa, na kipaji chake kilikuwa kwenye ulimi. Lugha yoyote aliyoisikia kwa msimu mmoja aliizungumza, na mwenye lugha akadhani ni ndugu yake.

Kisha wakaja watu. Hawakuja na vita. Walikuja na majembe na ng'ombe, wakaomba maji, wakapewa. Wakaomba mahali pa kulala, wakapewa. Haukupita muda mrefu, wakawa wamepanda miba kuzunguka mahali pa kulala, wakaweka mipaka, na aliyekuwa mwenyeji akawa ndiye anayefukuzwa. Gelanda kilimwangukia mtu mmoja wa nyanda za juu, mchapakazi, jina lake Mzee Margwe. Alikata miti kuchomea matofali. Swala wakahama. Nyuki wakahama. Wazazi wa wale ndugu watatu wakafa wakiwa wamejiegesha pembezoni mwa mashamba ya watu.

Watoto wao waliishije? Kila mmoja alijibanza alipoweza.

Shakwa alipalilia vitunguu vya wengine na kulipwa pombe. Alianza kwa kuionja, akaishia kuitafuta. Asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka kikombe kikamwagika, na watoto wa kijiji cha Endamara wakamfuata wakiiga anavyotembea.

Gudo alipata kibarua cha kuwa Mhadzabe. Ndiyo, kibarua. Magari ya wageni yakija, alivaa ngozi ya nyani, akapiga mshale kwenye gogo, akacheza. Wageni wakiondoka, alikwenda nyuma ya kichaka akavaa suruali yake. Aliwahi kujaribu kuwinda kwa kweli, kule Gelanda, na mbwa wa Mzee Margwe wakamkimbiza mpaka barabarani huku wafanyakazi wakicheka.

Nagwa alikwenda mbali zaidi ya wote. Alijiita Anastazia. Alisema ametoka Singida, yatima, Mnyiramba. Ulimi wake haukumsaliti hata mara moja. Emanueli, mtoto wa Mzee Margwe, akampenda, akamwoa, na Nagwa akaingia katika nyumba ile ile iliyowafukuza wazazi wake. Siku moja sokoni Gudo alimwita kwa jina lake la zamani. Mama mkwe akauliza, "Huyo nani?"

"Simjui, Mama. Labda amenifananisha."

Na Shakwa alipopita pale nyumbani kuomba maji, Nagwa alimpa kwenye kopo lililowekwa nje kwa ajili ya watu wa namna ile. Dada yake wa damu. Alimpa, akageuka, akaingia ndani kupepeta mahindi kana kwamba hakuna lililotokea.

Nagwa alizaa binti, Paskalina. Bibi yake alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na kama alivyofanya kila bibi wa Endamara, alimtisha ili asizurure, kwa jina ambalo majirani waliwaitia Wahadzabe. "Ukienda porini, Mtindiga atakukamata. Mtindiga anakula watoto." Mtoto alikuwa akimkimbilia mama yake na kumkumbatia miguu. Nagwa alimpapasa kichwa.

Mwaka wa ukame mkali, Paskalina alimfuata mwanambuzi aliyepotea, akapotea naye. Walimtafuta mpaka giza, wakalala macho, wakaendelea alfajiri. Wanaume wengi, mbwa, filimbi. Hakuna kitu. Jua lilipopanda, Mzee Margwe alikaa chini, mzee yule mkubwa, akavua kofia.

"Mwiteni yule Mtindiga wa wageni," alisema.

Gudo alikuja mbio, bado na ngozi ya nyani mwilini. Vijana wawili walicheka kwa mazoea, wakaona uso wa mzee, wakanyamaza. Gudo alimtazama dada yake kati ya wanawake. Dada yake alitazama pembeni.

"Mmekanyaga kila mahali," Gudo alisema. "Kaeni nyuma yangu."

Alizunguka mbali, nje ya vurugu ya nyayo zao, mpaka akainama. "Hapa amepita. Hapa amevua kandambili, mguu unamuuma. Hapa amekaa, amelia." Hakuna aliyeona chochote. Walimfuata wakipanda Gelanda, kilima ambako mbwa walimfukuza, na mwenye mbwa akamfuata nyuma kama mtoto. Gudo alisimama mbele ya ufa mwembamba kati ya majabali mawili.

"Yumo humu."

Mzee Margwe alipiga magoti, akaita. Sauti ndogo ikajibu, "Babu!" Watu wakashangilia. Gudo, kwa furaha, akachungulia.

Mtoto akapiga yowe. "Mtindiga! Babu, Mtindiga huyo! Atanila!" Wakasikia akijisukuma ndani zaidi, mahali ambapo bega la mtu mzima lisingeweza kupita.

Gudo alirudi nyuma. Akarudi tena, mpaka akawa mbali kabisa na watu, akakaa peke yake juani. Kila mtu pale alikuwa amemwambia mtoto wake maneno yale yale, na kila mtu alitafuta mahali pengine pa kutazama. Mmoja alisema waletewe sululu wavunje jabali. Gudo akapaza sauti kutoka kule alikokaa, "Mkivunja la chini, la juu litamwangukia!"

Babu alibembeleza, bibi alibembeleza. Mtoto hakutoka. Sauti yake ikaanza kuwa nyembamba, jua linachoma, na maji yao kwenye madumu yalikuwa yamekwisha zamani.

Ndipo Nagwa alipolala kifudifudi mbele ya ufa.

"Paskalina. Ni mimi, mama."

"Mama, ameondoka?"

Nagwa aligeuza shingo. Nyuma yake walisimama mume wake, baba mkwe, mama mkwe, kijiji kizima. Kisha akaanza kuzungumza, na haikuwa lugha ya Singida. Ilikuwa ile ya ulimi kugonga na kudondosha sauti, lugha ambayo watoto wa kijiji huiiga kwa kumcheka Shakwa. Alimwita binti yake kama mama yake alivyokuwa akimwita yeye. Halafu akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Yule ni mjomba wako. Tumenyonya ziwa moja. Mimi ni Mhadzabe, Paskalina. Na wewe pia."

Kisha ndani ya jiwe mtoto akauliza, "Na mimi nitakula watoto?"

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga.

"Hapana, mwanangu," alisema Nagwa. "Hakuna anayekula watoto. Tulikudanganya. Njoo."

Mtoto alitambaa akatoka. Emanueli alimtazama mkewe, akasema, "Miaka yote hii," akaondoka, akaanza kushuka kilima peke yake.

Lakini Paskalina alikuwa ametoka kwa nguvu za mwisho. Alilegea mikononi mwa bibi yake, midomo imepasuka, macho yamegeuka. Walitikisa madumu, hakuna hata tone. Kijiji kilikuwa mbali. Watu wakaanza kulia kilio cha msiba.

Sasa, Shakwa alikuwa amewafuata tangu asubuhi. Wanaume walimtupia mawe, "Rudi, mlevi!", akarudi nyuma kidogo, akaendelea. Alikuwa anajua mtoto ni wa nani. Akiwa amebaki nyuma yao alikuwa anagonga ardhi kwa mti wake, anasikiliza, anagonga. Alipofika juu, alikuwa amejaa vumbi mpaka nywele, na kifuani amekumbatia kiazi cha porini kikubwa kama mtoto mchanga.

Alinyoosha mikono. Bibi alijivuta nyuma na mjukuu wake. "Usimguse na hiyo mikono."

"Mpe," alisema Mzee Margwe.

"Baba Emanueli, huyu ni..."

"Nimesema mpe."

Shakwa alikaa chini, akamlaza mtoto mapajani. Alimenya, akatafuna, akakamua maji kwa vidole, tone kwa tone, kwenye midomo ya mtoto. Mikono ile, ambayo kila asubuhi haikuweza kushika kikombe, haikutetemeka. Aliendelea mpaka kivuli cha jabali kikawafikia. Paskalina alikohoa, akameza, akafumbua macho, na kwa kuwa alikuwa na kiu akamshika Shakwa kidole asikiondoe.

Ndivyo alivyopona.

Siku chache baadaye, Mzee Margwe aliwaita wale ndugu watatu uani kwake. Aliwaletea viti. Shakwa hakujua akae vipi kwenye kiti cha nyumba ile, akakaa ukingoni. Mama Emanueli aliwapa chai katika vikombe vya wageni, bila kumtazama yeyote usoni. Emanueli naye alikuwapo. Hakuwa amemfukuza mkewe, lakini hakuwa amezungumza naye pia.

"Mjukuu wangu yu hai," alisema mzee. "Nimefikiri cha kuwapa. Nimeona niwape Gelanda. Kilima chote, na chemchemi yake. Lakini ardhi lazima iwe na mwenyewe mmoja. Nikiwapa ninyi wote, kesho watakuja binamu, keshokutwa watu wa mbali, na wanangu hawatakubali. Kwa hiyo nataka jina moja. Nani kati yenu alimwokoa mtoto?"

Ndugu wale watatu walitazamana. Katika maisha yao yote hakuna aliyewahi kuwauliza swali la namna hiyo. Kwao, nyama ikiletwa, hakuna anayeuliza ni ya nani.

"Mpe Shakwa," alisema Gudo. "Mimi nilimwona tu. Na kumwona kwangu kulimtia hofu."

"Msinipe mimi," alisema Shakwa, polepole. "Mnanijua. Atakuja mtu na debe la pombe, na jioni kilima kitakuwa chake. Afadhali nione aibu hapa kuliko kule kilimani. Mpe Gudo."

"Akipewa Gudo," alisema Emanueli, "hatalima. Kila Mhadzabe atakayepita atamkaribisha. Baada ya miaka miwili watu watasema eneo halina mtu, watapeleka ng'ombe."

"Ni kweli," alisema Gudo. "Sijui kukaa na kitu peke yangu."

Mzee akamgeukia Nagwa. "Basi wewe, Anastazia."

"Naitwa Nagwa, Baba."

"Nagwa."

"Mkinipa mimi, kilima kimerudi kwa Emanueli, yaani kimerudi kwako. Kitakuwa kimetoka mlango huu na kuingia mlango ule." Aliweka kikombe chini. "Tena, Baba, unatupa nini? Sisi tulizaliwa pale."

"Najua."

"Ulijua lini?"

Mzee Margwe aliinamisha kichwa. Kuku walipita kati ya miguu yao.

"Tangu siku ya kwanza," alisema. "Baba yenu ndiye aliyenionyesha chemchemi. Nilikuwa na kiu, na ng'ombe wangu wanakufa. Alinishika mkono akanipeleka." "Naona haya, wanangu. Ndiyo maana nawapa. Lakini siwezi kutoa kwa watu wote. Sijui namna. Nipeni jina moja, nami nitalitaja mbele ya kijiji, na hakuna atakayelipinga nikiwa hai."

Wazee wa Endamara waliposikia waligawanyika. Wengine walisema Gudo, kwa kuwa bila macho yake mtoto angeoza ndani ya jabali pasipo mtu kujua. Wengine walisema Nagwa, maana bila ulimi wake mtoto angekufa huku watu wote wamemzunguka, na ni yeye pekee aliyelipa kwa nyumba yake. Wengine walisema Shakwa, kwa sababu bila mikono yake wangekuwa wamemtoa mtoto ili wamzike, na hakuna aliyedharauliwa kama yeye. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini ni lazima awe mmoja. Aliambiwa akae chini. Akakaa.

Mzee Margwe ni mgonjwa sasa, na bado anasubiri jina. Wale watatu hawajampelekea, kwa kuwa kila mmoja anaona haya kujitaja, na anaona haya zaidi kuwaacha wengine.

Haya, wenzangu, mzee yuko kitandani na anawasikiliza ninyi. Wewe uliyekaa pale mbele, anza. Ungetaja jina la nani? Na ukishalitaja, ungeweza kuwageukia wale wawili waliobaki na kuwatazama usoni?