Shoka la Zimwi na Miche ya Mbonea

Nianze, nisianze? Basi sogeeni.

Msitu wetu ulikuwa na zimwi lenye shoka la ajabu, lililoruka lenyewe kumkata yeyote aliyeangusha mti bila kupanda. Bibi yangu Mbonea, seremala, akaenda kukata mvule. Zimwi likamzuia.

“Umepanda nini?”

Mbonea akalionyesha mche wa kwanza, ulimfika gotini. Akalionyesha wa pili, ulimfika kifuani. Akalionyesha wa tatu, ulimpita kichwa.

“Mbona unauacha mvule huu mnene, unachagua ule mwembamba?”

“Huu ni mama wa mbegu. Kwetu haukatwi, hata akiuomba mfalme.”

Shoka likajilaza miguuni pake. Zimwi likacheka.

“Kumbe msitu una wenyewe. Mimi nakwenda zangu.”

Nimefika. Mlango mlioingilia ni wa mvule ule mwembamba. Mama wa mbegu bado amesimama.