Wageni Wawili katika Tuta la Milembe

Niingie? Ingia.
Nikae? Kaa.
Niseme? Sema, masikio tunayo.

Hapo kale, viazi vilipokuwa bado vinazungumza, aliishi mkulima aitwaye Milembe. Masika watoto wake walikula viazi vitamu, kiangazi wakala michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa juani. Shamba likikataa, ni njaa tu.

Ndani ya viazi vyake aliishi ugonjwa mdogo, Doa, aliyeletwa na mdudu kidukari. Kila Doa alipotaka kuzaa, Mlinzi aliyekaa ndani ya kiazi alimchapa fimbo. Doa akalala. Milembe hakujua kuwa ana mgeni.

Ng'ambo ya kijito aliishi wifi yake, Limi. Viazi vya Limi vilikuwa na ugonjwa mwingine, Manjano, msafiri wa mgongoni mwa nzi mweupe. Mavuno yalipungua kidogo, Limi akalaumu jua.

Siku moja Limi akaleta marando, vipande vya mashina ya viazi vyake vya kupanda. "Wifi, haya matamu." Nani hukataa marando ya wifi? Milembe akayapanda katikati ya yake.

Nzi mweupe akamvusha Manjano kutoka kwenye marando hayo mpaka kwenye viazi vya Milembe. Manjano akamnyang'anya Mlinzi fimbo. Doa akafumbua jicho.

"Fimbo iko wapi?"

"Ninayo mimi."

Doa akazaa, akazaa, akazaa. Majani yakajikunja. Milembe akachimba tuta la kwanza, akakuta vijizizi. La pili, vijizizi. La tatu, vijizizi. Akalia kwa uchungu.

"Wifi, umeniroga," alimwambia Limi.

"Mbona mimi navuna, na marando ni yale yale?" Limi akaondoka amenuna.

Swali lile likamnyima Milembe raha. Akapiga magoti tutani.

"Kiazi, nani amekumaliza?"

"Manjano wa Limi alichukua fimbo."

"Basi ni Limi."

"Aliyenila ni Doa."

"Doa wa nani?"

"Wako. Nimeishi naye miaka yote."

Hakuna mwingine aliyesikia. Milembe angeweza kunyamaza. Akavuka kijito.

"Wifi, nusu ya ugonjwa ilikuwa yangu."

Limi akaingia ndani, akatoka na kapu la michembe. "Wape watoto kwanza. Tutang'oa pamoja viazi vinavyougua, kwako na kwangu."

Funzo ni hili: kabla ya kumtuhumu jirani, chungulia tuta lako. Na atakayeniletea marando kesho, aje na viazi vyake vya kuchemsha, nivikague kwa meno.

Hadithi nimeiepua. Mwenye njaa apakue.