Siku Kereng'ende Walipohama Bwawani

Hapo zamani, watu walipokuwa wajinga kama leo ila walikuwa wachache, palikuwa na bwawa katika kijiji cha Lihimba. Kando yake alishinda Chitanda, akitazama kereng'ende. Wale wakubwa wakifukuzana, wale wembamba wa buluu wakitua kwenye matete na kuchovya mikia majini. Kutwa nzima!

Watu wakamcheka. Jumbe Kalembo, tumbo mbele akili nyuma, akatoa amri: "Atakayeleta habari za kereng'ende barazani kwangu, azomewe." Mara mbili Chitanda alijaribu, mara mbili akazomewa mpaka kwao.

Sasa Mkwinda, mvivu wa kusuka hata mgono wa kutegea samaki, akatwanga utupa, ile sumu ya samaki. Kiganja kimoja kingetosha. Yeye akamwaga kikapu kizima! Akazoa samaki wote, akaenda zake kujaza tumbo.

Chitanda akaja, akatazama. Kereng'ende hakuna, hata mmoja. Akajua maji yameharibika, maana kereng'ende hawakai penye maji mabaya. Akainuka mbio akaseme, akakutana na Bi Nalinga, mjane, anapeleka ng'ombe wake kunywa. Bi Nalinga akaangua kicheko: "Mwanangu, leo umeposa kereng'ende yupi?"

Chitanda akanuna. Akafunga mdomo, akaenda kulala. Mwanamume mzima, kususa kama mtoto aliyenyimwa ukoko!

Ng'ombe akanywa, akafa. Na maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyomlea mjukuu wa Bi Nalinga, mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake.

Kijiji kikakusanyika. Mkwinda, Chitanda na Jumbe, kila mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Mmoja wao lazima atoe.

Mkwinda akasema: "Mimi nilivua samaki, sikuvua ng'ombe. Chitanda alijua, akanyamaza. Atoe yeye."

Chitanda akasema: "Nilipojua mlinizomea. Hata mwenye ng'ombe kanicheka! Aliyenikataza kusema ndiye atoe."

Jumbe akasema: "Lo! Mimi nilikataza upuuzi, sikukataza onyo. Na sumu si yangu. Mwenye sumu atoe."

Wakazunguka hivyo, domo kwa domo, kila mmoja ameshika kamba ya ng'ombe wake. Mtoto alikuwa akilia tangu asubuhi, na sasa hata sauti imemkauka.

Haya, ninyi mnaonikodolea macho, mabingwa wa kuhukumu ya wenzenu. Semeni upesi, mtoto hasubiri baraza: je, ng'ombe wa nani apelekwe kwa Bi Nalinga?